Jina la mzee halipo kwenye dairektori ya 1911, je ndiyo alishafariki?

"Habari mwalimu. Nafuatilia historia ya ukoo wetu na nimekwama kwa baba yake babu. Alihamia mjini akiwa kijana, kazi yake seremala. Nimepata dairektori za zamani za huo mji, yaani vitabu vya majina, kazi na anwani za watu, zilizoskaniwa. Ya 1908 yupo, namba 214. Ya 1910 yupo mtaa uleule ila namba 1437. Ya 1911 hayupo kabisa. Ya 1912 yupo mke wake, namba 1437, na baada ya jina wameandika 'wid'. Afu nimepata picha za daftari la chama cha maseremala, jina lake limepigwa mstari mwekundu, pembeni kuna Novemba 1910 na herufi 'Exc'. Shangazi zangu wanasema alidondoka kazini akafa, mjomba anasema aliikimbia familia. Mimi nimeshaandika kwenye mti wa ukoo kwamba alifariki Novemba 1910. Niko sahihi? Na hizi listi za zamani mtu aziamini kiasi gani?"

Dada yangu, kwanza kabisa nikuombe kitu kimoja, hiyo tarehe ya kifo iondoe leo kwenye mti wa ukoo, au angalau iwekee alama ya kuuliza. Sisemi hakufa. Inawezekana alikufa kweli na inawezekana shangazi zako wako sahihi kwa kila kitu. Ninachosema ni kwamba kwenye karatasi zote ulizonazo hakuna hata moja inayosema mzee amekufa, na moja wapo, lile daftari la chama, kwa jinsi ninavyolisoma mimi linaelekea kusema kinyume chake.

Na najua swali lako siyo la namba za nyumba. Unataka kujua kama mzee alikufa akiwa anawahangaikia watoto wake au aliwaacha, na hilo ndani ya ukoo siyo jambo dogo, watu wamelibeba zaidi ya miaka 100 na kila upande una maumivu yake. Ndiyo maana nataka twende polepole, tusije tukampa mtu kifo ambacho hakufa au lawama ambayo siyo yake kwa sababu ya mstari mmoja mwekundu.

Tuanze na dairektori yenyewe, manake watu wengi wanaisoma kama vile ni sensa. Siyo sensa. Sensa inafanywa na serikali kwa sheria na lengo lake ni kuhesabu kila mtu, dairektori ilikuwa biashara ya mtu binafsi. Ya London ya 1677, ambayo ndiyo ya kwanza ya aina yake pale, ilikuwa listi ya wafanyabiashara, yaani ni nani unayeweza kumuuzia au kununua kwake na anapatikana wapi, wala hawakuwa na shida na mtu asiye na biashara. Baadaye vitabu vikapanuka vikaanza kuchukua wakazi wa kawaida, lakini lengo likabaki lilelile, kitabu kinauzwa kwa wenye maduka, mabenki, mawakili na ofisi za posta ili wampate mtu anayelipa. Anayelipa. Kwa hiyo mwenye nyumba yumo, mwenye kazi ya kudumu yumo, mama mjane anayeendesha nyumba yake yumo, ila mke mwenye mume mara nyingi hayumo kwa jina lake, watoto hawamo mpaka waanze kazi, na mpangaji wa chumba kimoja anayehama kila baada ya miezi mitatu anaweza asionekane hata mara moja maisha yake yote.

Taarifa zilipatikana vipi? Miji mingi wachapishaji walituma watu wapite nyumba kwa nyumba wakiwa na madaftari. Anagonga, anayefungua mlango ndiye anayejibu. Anaweza kuwa mwenye nyumba, anaweza kuwa mtoto wa miaka 12, na kama hakuna mtu anaulizwa jirani. Jina linaandikwa lilivyosikika sikioni, na kama familia ilikuwa na lafudhi ya kigeni hapo ndipo majina yanapogeuka mpaka mwenyewe hulijui. Baada ya hapo yale madaftari yanakwenda kupangwa kwa alfabeti, yanachapwa, yanajalidiwa, na miezi inapita. Mwaka ulioandikwa kwenye jalada ni mwaka wa kitabu kuuzwa, siyo lazima uwe mwaka ambao mtu alionekana mlangoni. Kitabu cha 1911 kinaweza kuwa kimebeba habari za 1910. Fungua kurasa za mwanzo kabisa, ile dibaji ambayo kila mtu anairuka, mara nyingi mchapishaji anasema pale upitaji ulifanyika miezi gani, na karibu na hapo au mwishoni kabisa kuna ukurasa wa marekebisho na majina yaliyochelewa. Nimeshaona zaidi ya mara moja jina ambalo familia nzima inalililia limekaa kwenye huo ukurasa wa waliochelewa.

Basi "hayupo 1911" inaweza kumaanisha mambo mengi. Waliopita hawakumkuta. Jina liliandikwa vibaya likaangukia herufi nyingine. Alikuwa kambi ya kazi mbali kwa miezi kadhaa, maseremala walifuata majengo yanakojengwa. Aliondoka moja kwa moja. Au alikufa. Kifo kimo kwenye hiyo listi lakini ni kimoja tu kati ya hivyo, na kukosekana peke yake hakuwezi kukuambia ni kipi. Ila kuna dairektori, hasa za miji mingi ya Marekani upande wa kaskazini mashariki, ambazo ziliandika wazi kabisa kwamba fulani amefariki tarehe fulani, au fulani amehamia mji fulani, utaona kitu kama "died" na tarehe au "rem to" na jina la mji. Kama mchapishaji wa vitabu vyako alikuwa na huo utaratibu na mzee hana maandishi hayo, ukimya huo una uzito zaidi kidogo. Angalia kurasa chache tu za jirani, utajua kama walikuwa wanafanya hivyo au la.

Sasa twende kwenye 214 na 1437, hapa ndipo roho yangu ilipotulia nilipokuwa nasoma swali lako. Umesema "yupo mtaa uleule ila namba nyingine" na nadhani umeshachukulia kwamba alihama. Inawezekana hakuhama hata hatua moja. Miji mingi ilipokua ilibadilisha namba za nyumba zote kwa mpigo, mfano unaojulikana sana ni Chicago, ambako mwaka 1909 karibu mji mzima ulipewa namba mpya na katikati ya mji ikafuata 1911, na mtu akifuata dairektori bila kujua hilo ataona kama vile mji mzima ulihama nyumba ndani ya mwaka mmoja. Kuruka kutoka namba ya mamia mpaka ya maelfu kwenye mtaa uleule, kwa miaka hiyohiyo, kunanifanya nishuku jambo la namna hiyo.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi na ni nzuri sana. Dairektori nyingi zina sehemu mbili, ya kwanza majina kwa alfabeti, na nyuma kuna sehemu ya mitaa ambapo wamepanga nyumba kwa nyumba, upande huu na upande ule, na kwenye kila kona wanataja mtaa unaokatiza. Siyo kila kitabu kinayo, ila kama vyako vinayo fungua ya 1908 kwenye mtaa wake, utaona kwa mfano 210 fundi viatu, 212 mama mjane, 214 mzee wako, 216 mwoka mikate. Afu fungua ya 1910 uangalie 1433, 1435, 1437, 1439. Kama ni fundi viatu yuleyule, mjane yuleyule, mwoka mikate yuleyule, basi mzee hakuhama popote, mji ndo umebadilisha namba. Kama majirani ni wapya wote, hapo alihama kweli. Mimi naipenda hii sehemu ya mitaa kuliko kitu kingine chochote kwenye hivi vitabu, manake inakupa majirani, na majirani ndio waliosaini kama mashahidi kwenye ndoa, ndio waliotajwa kwenye gazeti mtu alipodondoka, mara nyingine ndio ndugu wa mke na wewe hujui. Familia moja niliyoisaidia walimtafuta bibi yao miaka 6 wasijue alizaliwa kwa nani, kumbe wazazi wake walikuwa nyumba ya tatu kwenye mtaa huohuo, wamekaa kwenye ukurasa uleule walioutazama mara 100, wao walikuwa wanatazama mstari wao tu.

Kuhusu "wid". Ni kifupi cha mjane, na kawaida baada yake linafuata jina la marehemu mume. Angalia vizuri kama jina la mume limetajwa, na kama ni la mzee wako au la mtu mwingine, manake inawezekana pia ni mwanamke mwingine mwenye jina hilohilo, ingawa ukikuta anwani ni ileile 1437 mimi ningeamini ndiye. Shida iko hapa: neno hilo lilitoka mdomoni kwa mtu aliyefungua mlango. Hakuna aliyeombwa cheti. Na wanaotafiti historia za familia wanalijua hili vizuri, kwamba mwanamke aliyeachwa au aliyetengana na mume, kwa miaka ile, mara nyingi aliona ni heri aitwe mjane kuliko kueleza yaliyomkuta kwa mtu asiyemjua aliyesimama na daftari mlangoni. Mjane alipata heshima na huruma, aliyeachwa alipata masengenyo. Kwa hiyo "wid" ni ushahidi wa kile nyumba ile ilichokuwa inakisema mwaka 1912. Ni ushahidi mzuri, lakini ni wa hicho tu.

Hapohapo nikupe vifupisho vingine ambavyo utavikuta, manake vinabeba habari nyingi. "h" ni kwamba ana nyumba, iwe yake au amepanga yote. "r" anaishi pale. "bds" amepanga chumba na chakula kwa mtu mwingine. Ukimwona mtu miaka mitatu ni "bds" afu ghafla ni "h", nenda katafute ndoa mwaka huo. Kwenye vitabu vya miji mingi ya kusini mwa Marekani waliweka kinyota au herufi "c" kwa watu weusi, au wakawaweka sehemu ya peke yao nyuma, kwa hiyo ukiwatafuta sehemu ya mbele tu utasema hawakuwepo na wao walikuwepo. Vitabu vya Berlin, ambavyo vimeskaniwa kuanzia 1799 mpaka 1943, vinatumia "Wwe" kwa mjane na "E" kwa mwenye jengo. Kila mchapishaji alikuwa na vyake na ufunguo wake unakaa mwanzoni kabla ya herufi A, kwa hiyo usikisie.

Haya, lile daftari la chama. Hapa naomba unisikilize kwa makini.

Listi ya wanachama haikuandikwa ili sisi tuje tujue nani alizaliwa wapi. Kila listi ina sababu yake, na ukishaijua sababu unajua jina linaingiaje na linatokaje. Mfano mmoja ninaoupenda, Uingereza kulikuwa na sheria ya 1799 dhidi ya vyama vya siri, Bunge liliogopa mapinduzi kama ya Ufaransa, na wamasoni, yaani wale Freemasons, waliachwa waendelee kwa sharti kwamba kila loji, yaani kila tawi lao, ipeleke kila mwaka kwa karani wa mahakama ya eneo lake majina ya wanachama, mahali wanapoishi na kazi zao. Hofu ya serikali ndiyo iliyotuachia majina ya watu wengi mno. Kama loji haikupeleka listi mwaka fulani, siyo kwamba wanachama walikufa, katibu hakupeleka karatasi.

Chama cha maseremala sababu yake ilikuwa pesa. Vyama vya mafundi vya wakati ule, kama kile kikubwa cha maseremala cha Uingereza kilichoanzishwa 1860 na kuwa na matawi mpaka Marekani na Australia, vilikuwa kama bima ya mtu wa kazi, unalipa kila wiki, ukiugua unapewa kitu, ukikosa kazi unapewa kitu, zana zako zikiungua au kuibiwa unafidiwa, ukifa familia inapewa pesa ya maziko. Kwa hiyo karani wa tawi kila akishika kalamu anaandika jambo la pesa. Na jina linaweza kukatwa kwa sababu nyingi: amekufa, amejiuzulu, amehamishiwa tawi jingine, au amefutwa kwa kuwa hajalipa ada kwa muda uliowekwa. Hiyo ya mwisho ndiyo kawaida iliitwa kutengwa, kwa Kiingereza "excluded", na kifupi chake mara nyingi ni hicho ulichokiona, "Exc". Aliyekufa kwa kawaida anaandikiwa "died" au "D", na zaidi ya hapo kwa kawaida kuna malipo ya maziko kwenye vitabu vya hesabu.

Unaona inakotupeleka? Kama mzee angekuwa amedondoka kazini akafa akiwa mwanachama hai, chama kingejua, wenzake wangembeba, na karani angeandika kifo na pesa iliyotolewa. Kutengwa kunasema kitu tofauti, kwamba alikuwa hajalipa kwa majuma mengi mpaka Novemba 1910. Mtu huacha kulipa kwa sababu gani? Hana kazi. Anaumwa na hana tena haki ya mafao. Ameondoka mjini bila kuomba uhamisho. Amegombana na tawi. Na ndiyo, inawezekana alikufa mbali na hakuna aliyeleta taarifa, karani akaona tu ada haiji akafuta jina. Ndiyo maana sisemi mjomba yuko sahihi na shangazi wamekosea. Inawezekana hata wote wana kipande cha ukweli, alikuwa ameshakosa uanachama Novemba, akachukua kazi isiyo ya chama, akadondoka huko baada ya mwaka mpya. Hiyo inakubaliana na kila karatasi uliyonayo. Na kuondoka pia kunakubaliana na kila karatasi uliyonayo. Kitu pekee ambacho karatasi zako zinakipa shida ni hicho ulichoandika, kwamba alikufa Novemba 1910 yenyewe.

Halafu kabla hujaniamini kuhusu "Exc", tazama jedwali zima la ukurasa huo. Je, kuna majina mengine yenye mstari mwekundu? Yana herufi gani? Kuna mahali pameandikwa "died"? Mstari mwekundu peke yake hauna maana maalum, kuna makarani waliopiga nyekundu kwa kila aliyetoka kwa sababu yoyote, na kuna waliotumia rangi moja tu kwa kila kitu. Ukurasa wenyewe ndio unaokufundisha tabia ya karani wake. Na kama daftari hilo lina umri aliojiandikisha nao, uchukue kwa tahadhari, manake vyama vingi viliweka ukomo wa umri wa kujiunga na watu walijipunguzia miaka michache ili wapokelewe.

Sasa ufanye nini. Mimi ningeanza na kuandaa karatasi moja tu ya eksel au hata daftari la kawaida, kila mwaka mstari wake, kuanzia 1903 hivi mpaka 1925, na kila mwaka uandike jina lilivyochapwa herufi kwa herufi, kazi, anwani, na watu wote wa ukoo huo walio kwenye anwani hiyohiyo. Wote. Usichague miaka, pita kila kitabu kinachopatikana, manake pengo la mwaka mmoja halina maana ile ambayo pengo la miaka mitano linayo. Kama 1913 au 1914 mzee anarudi kwenye 1437, habari yote imebadilika. Kama mke anaendelea kuwa "wid" mwaka baada ya mwaka na watoto wa kiume wanaanza kutokea mmoja mmoja na kazi zao, unaona familia ilivyosimama tena, na hilo lenyewe ni historia nzuri ya kuwaandikia wajukuu. Sambamba na hilo tafuta kwenye dairektori za miji mingine ya karibu, 1911 mpaka 1915, seremala mwenye jina lake. Ukimpata usishangilie kwanza. Majina yanafanana, na seremala ilikuwa kazi ya watu wengi, kwa hiyo mtu wa jina hilo na kazi hiyo kwenye mji mwingine ni mtu wa kuchunguzwa, bado siyo babu yenu. Angalia kama alikuwepo kule hata kabla ya 1910, akiwepo wakati mzee wako yuko 214 basi ni mtu mwingine na umefunga mlango mmoja kwa uhakika.

Kwenye kusachi, usiamini kisanduku cha kutafutia. Programu zinazosoma maandishi ya skani zinakosea sana kwenye hivi vitabu kwa sababu herufi ni ndogo, wino umevuja, na kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: jina la ukoo mara nyingi limechapwa mara moja tu juu ya safu, na wanaofuata wote wamewekewa kistari au alama ya "kama juu". Kwa hiyo ukiandika jina lake kamili, kompyuta inatafuta maneno mawili yanayofuatana ambayo kwenye ukurasa hayapo pamoja. Wewe nenda kwenye ukurasa mwenyewe, fungua kama unavyofungua kamusi, usome safu yote kwa macho. Pia jaribu kusachi anwani badala ya jina, 1437 na jina la mtaa, unaweza kumpata na jina lililoharibika kabisa.

Vitabu hivi vingi viko bure kwenye tovuti za Internet Archive na FamilySearch, na maktaba nyingi zimeweka vya miji yao. Tovuti za kulipia zina faida moja kubwa, zimekusanya mahali pamoja na unaweza kuruka kutoka mwaka mpaka mwaka, na kama una mwezi mmoja wa kukaa chini na kazi hii si vibaya kulipia mwezi huohuo tu ukamaliza. Ila faharasa zao zina makosa kama za wengine. Rejista za wanachama za vyama vya wafanyakazi vya Uingereza nyingi ziko Chuo Kikuu cha Warwick kwenye kituo chao cha kumbukumbu, na za wamasoni wa Uingereza za 1751 mpaka 1921 zimeskaniwa ziko Ancestry, moja ya hizo tovuti za kulipia. Vitabu vya simu navyo vizuri ila kwa miaka yako havitakusaidia sana, simu ilianza kama kitu cha ofisi na matajiri, kile cha kwanza kabisa cha New Haven kule Marekani cha 1878 kilikuwa karatasi moja yenye wateja 50 na haikuwa na namba hata moja.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini tuhangaike na listi za wafanyabiashara wakati sensa ipo. Kwa sababu sensa inapita mara moja kila miaka 10, na nyingine hazipo tena. Ya Marekani ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa Januari 1921, ya Uingereza na Wales ya 1931 iliungua Desemba 1942 na ya 1941 haikufanyika kwa ajili ya vita, na sensa za Ireland za 1821 mpaka 1851 karibu zote ziliteketea Dublin Juni 1922. Kwa familia zilizokaa kwenye mapengo hayo, dairektori na listi za vyama ni kati ya vitu vichache vinavyotembea na mtu mwaka hadi mwaka. Kwako wewe hata hivyo, sensa ya mwaka wa karibu na 1910 au 1911 kama ipo kwa mji huo iangalie kwanza kabla ya yote, uone mke amejibu nini kwenye swali la ndoa. Ukikuta serikalini kasema ameolewa na kwenye dairektori kasema mjane, umepata jibu kubwa.

Na mwisho wa safari ya hizi listi ni kumbukumbu za kifo zenyewe. Listi kazi yake ni kukupunguzia eneo la kutafuta. Wewe sasa hivi una eneo, kati ya wakati taarifa za kitabu cha 1910 zilipokusanywa na wakati ambapo za 1912 zilikusanywa. Omba msako wa cheti cha kifo kwa miezi hiyo, tafuta kwenye rejista ya makaburi, na kwenye magazeti ya mji, manake seremala kudondoka kutoka juu ilikuwa habari ya kuandikwa na mara nyingi kulikuwa na uchunguzi wa sababu ya kifo. Ukipita vyote hivyo kwa uangalifu usimkute, mzani unaanza kumwelekea mjomba, lakini usiseme mbele ya shangazi zako mpaka umemwona mzee mahali pengine akiwa hai kwa macho yako.

Kuna mahali ambapo kukaa nyumbani na kompyuta hakutoshi. Kama unachonacho ni picha tu za daftari la chama, nenda au mwandikie mtunza kumbukumbu anayelishika, umuulize kama kuna kitabu cha mafao, kumbukumbu za vikao vya tawi, na barua. Mara nyingi rejista ndiyo imeskaniwa na vingine vyote vimebaki kwenye maboksi, na jibu la "kwa nini alitengwa" litakuwa kwenye kitabu cha vikao vya Oktoba au Novemba 1910, siyo kwenye rejista. Maktaba ya mji huo nayo, mkutubi wa chumba cha historia anajua kama namba zilibadilishwa na mara nyingi ana jedwali la namba za zamani na mpya, ni swali la dakika 10 kwake. Kama kuna jambo la mirathi, ardhi au uraia linalotegemea tarehe ya kifo, hapo muone mwanasheria, dairektori haitakubeba peke yake. Na kama kwenye familia kuna karatasi halisi za zamani zenye ukungu au zilizogandana, usizibandue wala usizianike juani, mpelekee mtu wa uhifadhi azione.

Jambo moja la kuangalia unapoweka haya mtandaoni. Ya mzee na mke wake hayana shida, ila ukifika kwenye listi za miaka ya karibu zenye watu walio hai au watoto wao, majina ya wanachama na anwani usiyaweke hadharani bila kuwauliza. Listi ya majina ina nguvu, kule Amsterdam Machi 1943 watu walihatarisha maisha yao kulipua na kuchoma ofisi ya kumbukumbu za wakazi kwa sababu walijua mikononi mwa Wanazi, waliokuwa wanawasaka Wayahudi, kadi zile zilikuwa zinaua.

Kwa hiyo dada, kwenye mti wa ukoo weka hivi: "alionekana mara ya mwisho dairektori ya 1910, namba 1437, alitengwa kwenye chama Novemba 1910 (kifupisho kihakikishwe), mke ameandikwa mjane dairektori ya 1912." Shangazi na mjomba wote wanaweza kuisoma hiyo bila kugombana. Halafu fungua sehemu ya mitaa ya 1908 na ya 1910, piga skrinshoti ya nyumba tano kulia na tano kushoto, na unitumie pamoja na ukurasa mzima wa daftari la chama, siyo mstari wa mzee peke yake.